Kulipima Jua la Nje ya Angahewa Ukiwa Ardhini

Jua lina nguvu kiasi gani kabla mionzi yake haijaguswa na hewa? Claude Pouillet, mwanafizikia wa Ufaransa, alilijibu swali hilo mwaka 1838 kwa kopo la maji.

Kopo lilikuwa la fedha, bapa, na upande wake wa kutazama jua ulipakwa masizi ili uinywe mionzi badala ya kuirudisha. Ndani yake alitia kipimajoto. Kwa dakika 5 alilielekeza angani likiwa limekingwa dhidi ya jua, akaandika limepoa kiasi gani. Akaliacha lipigwe na jua kwa dakika 5, kisha akalikinga tena kwa dakika 5. Kwa nini alikinge mara mbili? Kwa sababu hata juani kopo huendelea kupoteza joto. Alichukua wastani wa kupoa kule kwa mwanzo na kwa mwisho, akaujumlisha na joto lililopanda. Hapa ndipo ninapomvulia kofia: upotevu asioweza kuuzuia, aliupima.

Ilibaki hewa yenyewe. Hiyo aliliachia jua limfanyie kazi. Jua likiwa utosini, mionzi hupenya unene mmoja wa angahewa; likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, hupenya unene maradufu. Kwa kupima saa mbalimbali za siku, aliona mionzi inavyopungua kadiri hewa inavyozidi, akarudi nyuma kwa hesabu hadi unene sifuri. Alipata takribani wati 1228 kwa mita ya mraba. Vipimo vya satelaiti leo hutoa karibu 1361.

Kasoro kubwa ni kwamba aliihesabu mionzi yote kama inapungua kwa kiwango kimoja, ilhali hewa hutawanya buluu kuliko nyekundu, na mvuke hufyonza sehemu za infraredi. Mmarekani Samuel Langley alilishughulikia hilo mwaka 1881 katika mlima Whitney, California, kwa bolomita: utepe mwembamba wa platinamu ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika unapopata joto. Alipima rangi moja moja. Jibu lake la mwisho lilizidi mno, lakini njia yake bado inatumika.

AERONET, mtandao wa kupima vumbi na moshi hewani ambao umewahi kuwa na fotomita (vipima mwanga) Nairobi na Malindi, umekuwa ukitumia njia hiyo kusawazisha vifaa vyake vikuu huko Mauna Loa, Hawaii, kwenye mwinuko wa mita 3397. Logarithimu ya nguvu ya jua huchorwa dhidi ya unene wa hewa, na mstari huendelezwa hadi sifuri. Hatari yake ni ya kimyakimya: vumbi au moshi ukibadilika sambamba na kupanda kwa jua, mstari unaweza kunyooka vizuri kabisa na bado ukaangukia namba isiyo sahihi. Kwa hiyo mafundi hawaridhiki na asubuhi moja. Hukusanya kadhaa zenye anga tulivu, kisha huchukua wastani wake.