Mbuzi wa Handa: Nani Msimuliaji katika Kitabu cha Picha?

Tunapohakiki vitabu vya watoto, wengi wetu huuliza maswali mawili tu: kina funzo gani, na lugha yake inamfaa mtoto wa umri gani? Picha huachwa kama pambo. Makala hii inashikilia kwamba katika kitabu cha picha mchoro nao ni msimuliaji, na mhakiki asiyeusoma hajakisoma kitabu.

Tuchukue Handa's Surprise (1994), kazi ya Mwingereza Eileen Browne, aliyeandika na kuchora mwenyewe. Kisa kimewekwa kwa Waluo wa kusini-magharibi mwa Kenya. Handa anajitwika kikapu cha matunda saba, anampelekea rafiki yake Akeyo. Njiani anawaza: rafiki yangu atapenda lipi? Maneno hayaendi mbali zaidi ya hapo. Lakini hebu tazama picha! Nyuma yake tumbili anachopoa ndizi, mbuni pera, punda milia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia pasheni. Maandishi yako kimya kabisa juu ya wizi huu.

Basi hapo ndipo fani inapozaa maudhui. Hadhira inapojua jambo asilolijua mhusika, tunakiita kinaya, nasi tumezoea kukitafuta katika tamthilia za watu wazima. Humu kimewekwa mikononi mwa mtoto asiyejua hata herufi moja. Mama anasoma maneno, mtoto anasoma picha, na mtoto ndiye anayejua zaidi. Ana nafasi ya kupiga kelele, "Handa, geuka!", kama hadhira ya ngano inavyoingilia masimulizi. Sasa linganisha na kitabu kinachosema fisi ametumbukia shimoni, na mchoro unaonyesha fisi shimoni. Kwani hapo mtoto kaachiwa kazi gani?

Hata hivyo tusikisifu kibubusa. Msafara ule wa wanyama umetoka mbuga za watalii. Mtoto wa kijijini akienda kwa mwenzake atakutana na kuku, mbwa na ng'ombe kabla hajamwona twiga. Mtu atasema: mbona hata sungura wetu hasemi, na kwenye ngano anasema? Kweli, lakini sungura wa ngano anasema kwa niaba ya wanyonge. Ndani yake tunamwona mtu. Twiga wa Handa anamwashiria tu msomaji wa mbali kwamba hapa ni Afrika.

Ajabu ni kwamba dawa imo humo humo kitabuni. Yupo mbuzi aliyefungwa kamba. Anaikata, anakurupuka, anaupiga kumbo mchenza, na machenza yanamwagika kikapuni. Handa anafika bila habari. Akeyo anafurahi, maana chenza ndilo tunda alipendalo kuliko yote. Wanyama wa porini wamechukua, mnyama wa nyumbani ndiye aliyejaza, tena bila kukusudia.

Waandishi wetu wangeanzia kwa mbuzi huyo. Wanyama wa uani wanao visa tele. Wakishampata, wapunguze maneno, wamwachie mchoraji sehemu ya siri ya hadithi. Nasi wahakiki tuache kufunua kurasa za picha harakaharaka tukitafuta funzo. Mtoto ameshaliona, tena kabla yetu.