Sitara na Ulinzi: Uhakiki wa Maadili ya Huduma kwa Wanawake Wazee wa Mwambao wa Rumonge

Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, inazitaka nchi ziwalinde wanawake wazee dhidi ya ukatili na kuwahakikishia haki ya mali, ardhi na urithi. Hoja yetu ni kwamba waraka huo, pamoja na ubora wake, unamchukulia mtesaji kama mtu anayeweza kutenganishwa na mteswa. Katika mwambao wa Rumonge dhana hiyo haina mashiko.

Kwa mila za Burundi, mjane hutumia shamba la marehemu mumewe bila kulimiliki. Haki yake hupitia kwa wanawe au shemeji zake. Machafuko ya mwaka 1972, yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, yaliwakimbiza wengi hadi Katumba, Ulyankulu na Mishamo nchini Tanzania. Wengi waliporejea walikuta mashamba na michikichi yao mikononi mwa wengine. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70. Yeye ndiye anayeikumbuka mipaka, lakini shauri likishinda, mila humpa mwanamume ardhi hiyo. Anayemnyima chakula au kumtisha aweza kuwa ndiye mwenye paa linalomsitiri. Kumshitaki ni kuhatarisha makazi yake mwenyewe.

Hapa neno 'sitara' linatufaa kuliko 'ulinzi', kwani hubeba hifadhi, heshima na siri kwa pamoja. Watunga sera watalitilia shaka, kwa kuwa aibu ya nyumba ikisitiriwa, mkosaji naye husitirika. Shaka hiyo ni ya haki, ila haitoshi. Mama mzee anaponyamaza, si lazima awe anamtetea mwanawe. Huenda anapima gharama. Kimya chake ni maoni, nacho kinastahili kueleweka kabla ya kuvunjwa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza masharti matatu. Kwanza, asikilizwe peke yake, kwa Kirundi au Kiswahili, mbali na jamaa na mbali na baraza la Bashingantahe, ambalo kijadi ni la wanaume. Pili, ridhaa yake itangulie taarifa yoyote, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini. Tatu, haki yake ya makazi na shamba iandikwe kwa jina lake kabla mkosaji hajachukuliwa hatua. Bila sharti la tatu, mawili ya mwanzo hayatamfaa: tutakuwa tumemsikiliza vizuri, kisha tumemrudisha kwa yule yule.