Bango, Asili na Nakala: Uhakiki wa Ukusanyaji wa Mabango ya Michezo na ya Matamasha

Kusudi la makala haya ni kuuhakiki mwenendo ambao sisi wanafasihi tumewaachia wachuuzi na wapenzi wa sanaa za kuchorwa, nao ni ukusanyaji wa mabango ya zamani yaliyochapwa kutangaza mashindano ya michezo na matamasha ya utamaduni. Huenda msomaji akauliza mambo ya mabango yanaihusu nini idara ya lugha. Jibu letu ni kwamba bango ni matini. Lina msemaji na lina msemewa, lina wakati na mahali pake pa kusemewa, na aghalabu maneno yake ni machache, yaliyopimwa kama mizani ya shairi. Anayelikusanya bango kwa ajili ya rangi na karatasi peke yake amelichukua kapi na kuiacha punje.

Ukusanyaji wenyewe si jambo la jana. Ulianza Paris katika karne ya 19, baada ya Jules Chéret kuuendeleza uchapaji wa rangi kwa mawe, na hasa baada ya sheria ya tarehe 29 Julai 1881 kuruhusu mabango yabandikwe kwa uhuru isipokuwa mahali palipokatazwa. Mwaka 1886 Ernest Maindron alitoa kitabu juu ya mabango yenye picha. Mwaka 1891 Toulouse-Lautrec akachora bango lake la Moulin Rouge, na haukupita muda mrefu kabla ya watu kutoka usiku kuyabandua mabango ukutani gundi ikiwa mbichi. Wenye haya walimpa mbandikaji bakshishi, naye akawawekea nakala chache pembeni. Kati ya 1895 na 1900 zilitolewa Paris kurasa 256 za mabango mashuhuri, yamepunguzwa ukubwa ili yaenee katika jalada la msomaji nyumbani. Tunaomba jambo hili likumbukwe, kwa maana kurasa zile zilikuwa nakala tupu, hazikupata kubandikwa ukutani hata siku moja, na leo zenyewe zinauzwa mnadani kama vitu vya asili.

Hapa ndipo penye utata tunaotaka kuuchambua. Mkusanyaji hutaka bango ambalo yeye huliita la asili. Kwa Kiswahili dai hilo linagawanyika mara moja, wala hatuoni kwamba mgawanyiko huo ni upungufu wa lugha yetu. Tuna "halisi", yaani kisicho cha kughushi. Tuna "asili", yaani chimbuko ambalo vingine vimetokana nalo. Na tuna "cha awali", yaani kilichotangulia kwa wakati. Bango la michezo huweza kuwa halisi bila ya kuwa asili, kwa kuwa mchoro wa mkono wa msanii ulibaki kwa mchapaji. Huweza pia kuwa halisi bila ya kuwa la awali, ikiwa limetoka katika toleo la pili la mwaka ule ule. Wafanyabiashara wamelitatua jambo hili kwa njia ya kifundi: hulitazama bango kwa kioo cha kukuzia, na wakiona vitone vilivyojipanga sawasawa mahali ambapo chapa ya mawe ingeacha chembechembe zisizo na mpangilio, husema hiyo ni nakala ya baadaye. Kisha hupima pambizo zisiwe zimekatwa, huhesabu mikunjo na mipasuko, huuliza kama limebandikwa juu ya kitambaa cha kitani ili lisichanike, na mwishowe huipa hali yake herufi. Maarifa hayo ni ya kweli na hatuyadharau. Lakini yote yanahusu mwili wa bango, wala hakuna hata moja linalouliza bango lilimwambia nani neno gani.

Sisi tunaoshughulika na tenzi tunayo mazoea mengine, na huenda yakamfaa mkusanyaji. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili kwa mkono wake tungo nyingi za zamani kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na baadhi ya nakala hizo zimehifadhiwa London. Hapana mtu mwenye akili zake atakayezitupa kwa hoja kwamba karatasi ni changa kuliko utungo. Tunachofanya ni kumuuliza mwandishi wa nakala alinakili kutoka wapi, kwa ajili ya nani, na alibadili nini. Kwetu sisi nakala ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Hukumu yetu ni kwamba soko la mabango limejifunza kumpima shahidi kimo na uzito, ila halijajifunza kumhoji.

Tuchukue mfano wa Stockholm. Bango la Olimpiki ya 1912, lililochorwa na Olle Hjortzberg, linaonyesha kijana aliye uchi akipeperusha utepe mrefu, na nyuma yake bendera za mataifa. Lilichapwa kwa lugha 16. Huko China halikuruhusiwa kwa sababu liliudhi adabu za watu, na hata Uholanzi lilipata kuondolewa katika stesheni ya reli kwa hoja ya utovu wa heshima. Husemwa mara nyingi kwamba picha huvuka mipaka na maneno hayavuki. Katika bango hili mambo yalikuwa kinyume: maneno yalitafsiriwa na kupita, picha ikakamatwa mpakani. Mwenye seti ya lugha kadhaa za bango hilo ana hazina ya mtafiti wa tafsiri, ilhali mnadani lugha hutajwa kwa neno moja tu, kama vile rangi ya kitambaa.

Mfano uliotushughulisha zaidi ni wa Kinshasa, na juu yake tutakaa kidogo. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba 1974. Siku chache kabla yake Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Tamasha la muziki lililoandamana nalo halikungoja. Lilifanyika Septemba kama ilivyokusudiwa. Kwa hiyo yapo mabango yenye tarehe ambayo pambano halikufanyika, nayo husakwa kwa bidii. Mwanaisimu atafurahi: hapa ni tamko ambalo lilikuwa kweli lilipotolewa, likawa uongo kabla ya siku yake kufika, na thamani yake ikapanda kwa sababu ya uongo huo.

Lakini bango la Kinshasa lenye uzito kuliko yote ni lile lililokataliwa. Waandalizi kutoka Marekani walichapisha bango lenye kaulimbiu ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni "kutoka jahazi la watumwa hadi ubingwa". Wakuu wa Zaire walichukizwa nayo, na mabango hayo yakaondolewa. Wasimulizi wengi hulipitia jambo hili kwa kicheko, kana kwamba ni kisa cha mfanyabiashara mwenye mdomo mwepesi. Sisi hatuoni kichekesho. Kwanza, tuitazame fani. Katika Kiingereza neno la jahazi la watumwa na neno la ubingwa huishia kwa silabi moja ile ile, na nguvu yote ya kaulimbiu imo katika kina hicho. Ukiitia katika Kifaransa, lugha ya serikali ya Zaire, kina kinakufa. Ukiitia katika Kilingala au Kiswahili, kinakufa vile vile. Kinachobaki ni jahazi tupu, limetia nanga mlangoni pa mwenyeji.

Pili, tumtafute msemewa. Kwa Mmarekani mweusi jahazi ni mwanzo wa hadithi yake, na kutoka humo hadi ubingwa ni safari ya kupanda. Kwa mkazi wa Kinshasa jahazi ni lile lililoondoka na ndugu zake, naye akabaki ufukweni. Hawezi kusema "kutoka" kwa sababu hakuingia. Isitoshe, linamkumbusha swali zito zaidi, la nani aliwafikisha wale ndugu pwani. Bango moja, maneno machache, na wasemewa wawili ambao historia imewapa majeraha mbalimbali. Serikali ya Mobutu ilikuwa na sababu zake za kisiasa, nazo hatuzitetei. Hata hivyo kwa suala hili la usomaji iliona kilichofichika kwa mwandishi wa tangazo.

Na mwanafunzi wa Kiswahili asijidhanie yuko nje ya shauri hili. Lugha yetu iliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa, misafara ya akina Tippu Tip, ambaye habari za maisha yake tunazisoma darasani kama kielelezo cha nathari ya zamani. Lau kaulimbiu ile ingalichapwa kwa Kiswahili na kubandikwa Kasongo, ingalisemwa kwa sauti ya nani?

Serikali nayo ilikuwa na mabango yake. Mabango makubwa ya barabarani yalitangaza kwamba pambano la watu weusi wawili, katika nchi ya watu weusi, lililoandaliwa na watu weusi na kutazamwa na ulimwengu mzima, ni ushindi wa Umobutu. Mtaji ulipitia pia kampuni za Uingereza na Marekani, lakini bango halikuona haja ya kulitaja hilo. Huu nao ni usanii, wa kurudia neno moja mpaka msomaji asahau kuuliza. Watazamaji wenyewe waliacha yote mawili wakachagua maneno ya Kilingala, "Ali boma ye", yasiyokuwa katika bango la upande wowote. Leo maneno hayo yanachapwa kwenye fulana na kwenye mabango ya kuiga. Mkusanyaji huyakataa mabango hayo kwa kuwa si halisi. Ni kweli kwamba karatasi si ya 1974, ila maneno ndiyo yaliyosemwa uwanjani, kuliko yale ya karatasi halisi.

Tamasha la FESTAC, lililofanyika Lagos kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari 1977, linatupeleka mbali zaidi katika hoja hii. Nembo yake ilikuwa sura ya Malkia Idia wa Benin, kinyago cha pembe cha karne ya 16 kilichochukuliwa na Waingereza mwaka 1897 na kuwekwa katika British Museum. Nigeria iliomba kukiazima kwa ajili ya tamasha, ikanyimwa. Ikabidi kingine kichongwe Benin, na sura ile ikasambazwa katika mabango, vitambaa na stempu. Basi tuulize, asili ilikuwa wapi mwaka ule? Kitu cha pembe kilikuwa ndani ya kabati la kioo, London. Kazi ya kinyago, yaani kuukusanya umma na kuusemesha, ilifanywa na nakala za karatasi. Mwenye bango la FESTAC leo ana zaidi ya pambo la ukutani. Ana hati ya madai, na tunadhani kulieleza kwa vipimo na hali ya pembe zake tu ni sawa na kueleza barua ya mdai kwa uzuri wa mwandiko wake.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo niliona katika duka moja la mabango ya zamani bango la tamasha la utamaduni la Afrika nzima lililofanyika Algiers mwaka 1969. Kikaratasi cha maelezo kilitaja urefu, upana, hali yake, na kwamba limetiwa kitambaa nyuma. Mstari wa Kiarabu uliopita juu ya bango ulielezwa kuwa ni mapambo. Ulikuwa ni jina la tamasha. Mwuzaji alinishukuru kwa kumsomea, kisha akauliza kama tafsiri hiyo ingeongeza bei.

Swali lake halikuwa la kijinga, na hapa sharti tuwatendee haki wakusanyaji. Bila ya wao, mabango haya yasingalikuwapo. Bango huchapwa ili life. Tukio likipita, mvua na mbandikaji mwingine humaliza kazi. Wenye tamaa waliyabandua wakati wataalamu walipokuwa wakipita bila ya kugeuza shingo. Ibou Diouf alichora bango la tamasha la Dakar la 1966, na atakayetaka kuliona leo atashukuru zaidi waliolitunza majumbani kuliko wahadhiri waliohudhuria mijadala ya tamasha hilo.

Kwetu hali ni nyembamba zaidi. Mabango ya tamthilia za Kiswahili, ya taarabu, ya ndondi na ya kandanda yamebandikwa katika kuta za Mombasa na Nairobi kwa miaka mingi, kwa gundi ya unga, mengine yakiwa yameandikwa kwa mkono wa fundi wa vibao ambaye tahajia yake ni ya mtaani kwake. Kwa mchunguzi wa lahaja na wa msamiati wa michezo, tahajia hiyo ni data safi: hapo ndipo angeona lini mtaa uliacha neno moja la mpira na kushika jingine, na nani aliita mchezo wa kuigiza "tamthilia" na nani aliuita "drama". Mnunuzi wa ng'ambo hatayataka, kwa kuwa hayana jina la msanii mashuhuri wala uchapaji wa mawe. Hilo ni bahati kwetu, maana bado yanapatikana kwa bei ya kumwomba mwenye ukumbi.

Anayeanza kuyakusanya aandike nyuma ya kila moja, kwa penseli, ukuta ulipokuwa, siku lilipobanduliwa, nani aliliandika, na ikiwezekana wapita njia walilisomaje. Na likichanika wakati wa kubandua, vipande vyenye maneno vichukuliwe kwanza.