Mwalimu Aliyeimbisha Taifa

Julai ikiingia, Kigali haikosi wimbo mmoja. Tarehe 4 ni Kwibohora, siku ambayo mji huu uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa RPF mwaka 1994, na wimbo wenyewe ni "Intsinzi", yaani ushindi. Mtunzi na mwimbaji wake ni Mariya Yohana Mukankuranga, bibi ambaye kabla ya majukwaa alikuwa mwalimu wa shule.

Wengi humtaja kama sauti ya mapambano. Mimi nikimsikiliza namsikia mwalimu. Kiitikio ni kifupi, neno kuu linarudi na kurudi mpaka likae, na wasikilizaji, wazee kwa vijana, wanaitwa watoto. Huyu ni mtu anayejua kwamba yule wa dawati la nyuma asipodaka mstari mara ya pili, somo limepotea. Mtunzi mwingine angejaza mafumbo, wenzake wakamsifu, na wimbo usivuke mlango wa ukumbi.

Hayuko peke yake. Enoch Sontonga alikuwa akifundisha shule ya misheni karibu na Johannesburg alipotunga, mwaka 1897, ule wimbo ambao sauti yake sisi Watanzania tunaisimamia wima kila tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Naye alitunga kwa ajili ya koo za wanafunzi, si za waimbaji mahiri. Ndiyo maana hata asiyejua kuimba anaumudu.

Ila Rwanda ilikuwa na walimu wa muziki kabla ya kuwa na madawati. Tazama inanga: ubao uliochongwa ukawa na tumbo kama hori, na uzi mmoja tu, mrefu, unaopitishwa kwenye meno ya upande huu na ule, kwenda na kurudi, mpaka unapata nyuzi saba au nane. Ukilegeza sehemu moja, jirani zake nazo zinayumba. Kuulinganisha uzi wa namna hiyo hakufundishiki kwa maandishi. Unakaa karibu na anayejua, unatega sikio, unakosea, unaanza upya. Hivyo ndivyo Kirusu Thomas alivyomrithisha binti yake, Sophie Nzayisenga, tangu akiwa mtoto mdogo, katika ala iliyozoeleka kuwa ya wanaume. Leo ukiitaja inanga Kigali, jina la binti huja haraka kama la baba.

Nisiusifu ufundi huu nikaficha ubaya wake. Simon Bikindi, mwanamuziki wa Rwanda, naye alijua kutunga wimbo unaonata, akachota humo humo kwenye ngoma za jadi. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa pale Arusha ilimfunga miaka 15. Kilichomtia hatiani ni maneno ya kuchochea mauaji ya Watutsi aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani Juni 1994, lakini majaji walisema pia kwamba nyimbo zake tatu zilitumika kueneza chuki. Kinachonata hakichagui kinanata na nini, na kwa hiyo namuuliza kila mtunzi kwanza: unawafundisha nini?

Ukifika Kigali mwezi wa saba, mwombe mtoto yeyote mtaani akuimbie kiitikio cha "Intsinzi". Atakuimbia, naye amezaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya vita.