Mgeni katika Historia ya Ikizu

Katika historia za makabila ya Mara zilizoandikwa na wenyeji wenyewe kwa Kiswahili, mgeni ana nafasi ya ajabu. Hupokewa mlangoni mwa habari kwa heshima kubwa, kisha haonekani tena. Mwanzo wa utawala huwa wake. Lakini habari ikifika kwenye koo, mipaka na desturi, wote waliomo huwa wenyeji, kana kwamba mlango ulifungwa siku ile ile alipoingia mtu wa kwanza. Jambo hili lastahili kupimwa, maana historia hizo hazisomwi kwa kujifurahisha tu. Ndizo ambazo vyama vya kulinda mila huzitegemea vinapotaka kusema urithi ni nini na mrithi ni nani.

Mfano ulio bora ni habari ya Waikizu, ambao Nyamuswa, katika nchi ambayo sasa ni wilaya ya Bunda, ilikuwa makao ya utemi wao. P. M. Mturi na S. Sasora waliiandika mwaka 1995 katika maandishi waliyoyapa jina la "Historia ya Ikizu na Sizaki". Maandishi hayo yakapata kuingizwa katika kitabu cha Jan Bender Shetler, Telling Our Own Stories, kilichotolewa mwaka 2003 pamoja na historia nyingine za Mara ya Kusini. Kazi ya waandishi hao yafaa kusifiwa kabla ya kuhojiwa. Waliyaokoa masimulizi ya wazee wakati wazee wenyewe walipokuwa wakipungua, tena waliyaandika kwa lugha ambayo kijana wa Nyamuswa na kijana wa Mtwara waweza kuisoma sawasawa.

Kwa mujibu wa mapokeo ya Waikizu, Muriho ndiye shujaa aliyetangulia katika nchi, na jina lake li hai katika Mlima Chamuriho. Utemi, hata hivyo, haukutoka kwake. Uliletwa na Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa na elimu ya mvua. Akamkuta Isamongo, mwenye moto. Wakashindana, mvua ikauzima moto, na mwanamke aliyekuja kwa miguu kutoka nchi nyingine akawa mtemi.

Habari hii ni fupi, lakini haina upungufu wa akili. Methali ya Kiswahili yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huitumia methali hiyo kwa maana ya kitoweo, yaani siku ya mgeni ndiyo siku ambayo hata watoto wa nyumba hupata mnofu. Masimulizi ya Ikizu yanaichukua kwa maana iliyo nzito zaidi. Mwenyeji alikuwa na moto, na mwenye moto aweza kuchoma nyama na kufyeka pori. Lakini hakuwa na mvua, na nchi isiyo na mvua haina shamba. Mgeni alikuwa na kile kilichokosekana. Kwa hiyo utemi wa Ikizu haukujengwa juu ya damu iliyo safi, bali juu ya haja ya mwenyeji na uwezo wa mgeni.

Walakini masimulizi hayo hayadanganyi kwamba makaribisho ni jambo rahisi. Moto ulizimika. Mwenyeji alipoteza kitu, na alikipoteza mbele ya macho yake mwenyewe. Hapa ndipo ufundi wa wazee unapoyapita maandishi mengi ya vyama vya leo, ambayo hayana neno jingine ila umoja na mshikamano. Wazee walijua kwamba mgeni na mwenyeji hupimana kwanza, na kwamba amani yao huja baada ya shindano. Msimulizi aliyelificha shindano angeliificha pia sababu ya mapatano.

Swali la uhakiki ni hili: mbona elimu hiyo inaishia ukurasa wa mwanzo? Watu hawakuacha kuingia Ikizu baada ya Nyakinywa. Mwishoni mwa karne ya 19, sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ikawatawanya waliosalia. Wengi wa nchi za Mara walikwenda Usukuma kutafuta chakula. Baadhi yao walirudi, wengine walibaki huko. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu nchini Tanzania na kuwakusanya mahali pamoja, jirani kwa asiyekuwa jirani yake. Kila mwendo wa namna hiyo ulikuwa na waliofika na waliopokea. Palikuwa na mtu aliyegawa shamba, mwingine aliyetoa mbegu, na mwingine aliyemfundisha mgeni maneno ya kwanza ya Kiikizu. Hao ndio waliofanya kabila lidumu, nao hawana sura katika historia za aina hii.

Sababu moja iko katika siasa ya zamani. Gavana Donald Cameron alipoanzisha utawala wa wenyeji Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 1926, kila nchi ilitakiwa ionyeshe kabila lake, mtemi wake na haki yake ya kutawala. Masimulizi yakawa ushahidi. Aliyetaka kiti ilimpasa aonyeshe nasaba, na nasaba hupendeza pale isipokuwa na mikono mingi ya kando. Utemi ulifutwa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963, lakini namna ile ya kusimulia haikufutwa pamoja nao. Iliendelea katika daftari za wazee, na kutoka daftari ikaingia vitabuni.

Sababu ya pili ni jinsia ya wasimulizi. Katika kitabu chake cha mwaka 2019, Claiming Civic Virtue, Shetler anaonyesha kwamba wanaume wa Mara ndio waliopewa kazi ya kusimulia kabila na mipaka yake, ilhali kumbukumbu za wanawake zilishika njia nyingine: ndoa zilizovuka makabila, urafiki wa mbali, na ndugu waliopatikana kwa kusaidiana. Mwanamke wa Mara huolewa mbali na kwao. Yeye huanza maisha ya ukubwa akiwa mgeni, na huyajua mambo ya ugeni kwa kuyaishi. Basi ni kinaya kilichoje kwamba historia ya Ikizu inamweka mwanamke mgeni kwenye kiti cha kwanza, kisha inawaacha nje wanawake wote waliofuata njia yake!

Upungufu huu wa maandishi hugeuka kuwa madhara pale historia inapokuwa katiba ya chama. Jambo hilo laonekana wazi kwa Waluo, majirani wa watu wa Mara, ambao wako Nyanza na Rorya, kila upande wa mpaka. Umoja wa Waluo, uliojulikana kwa jina la Luo Union, ulistawi katika miji ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1940, na Oginga Odinga, aliyekuwa mkuu wake kwa cheo cha Ker kuanzia 1953 hadi 1957, ameandika habari zake katika Not Yet Uhuru, kitabu kilichotoka mwaka 1967. Kwa kijana aliyeshuka garini Nairobi au Kampala bila ndugu wala kazi, chama cha namna hiyo kilikuwa baba na mama. Humo alipata mahali pa kulala, habari ya kazi, na watu wa kumzika akifa ugenini. Hili la mwisho si dogo. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, chama cha watu wa kwao kilijulikana kwanza kwa kuzikana, kwa maana hofu kubwa ya mhamiaji haikuwa njaa bali kuzikwa na watu wasiomjua.

Lakini chama hicho hicho kilikuwa na mkono mwingine. Wanahistoria wa miji hiyo wameandika jinsi matawi ya Umoja wa Waluo yalivyowakamata wanawake waliokuja mjini peke yao na kuwarudisha makwao, kwa hoja kwamba mwenendo wao uliliaibisha kabila. Hapo urithi uligeuka kamba. Mwanamke aliyetembea kutoka Kanadi hadi Ikizu aliheshimiwa kwa mvua yake. Aliyetembea peke yake kutoka Nyanza hadi Nairobi alipandishwa gari la kurudi. Tofauti haikuwa katika hatua za miguu yao. Ilikuwa katika fikira za wenye chama, waliojiona walinzi wa jina kuliko walezi wa watu. Serikali ya Kenya ilipoviondoa vyama vya kikabila mwaka 1980, wengi waliona ni hasara ya msaada. Si wote waliokumbuka kamba ile.

Watetezi wa historia za nasaba wana hoja yenye uzito, wala haifai kuipuuza. Waikizu ni wachache, na upande wa kusini wanapakana na Wasukuma, kabila lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Lugha ndogo isipotunzwa humezwa, na jina la ukoo lisipoandikwa hupotea pamoja na mzee aliyelijua. Kwao, orodha ya koo na watemi ni ua wa boma. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ua wenyewe haulimi shamba. Lugha ya Kiikizu haitaokoka kwa kuandikwa majina ya waliokufa. Itaokoka ikiwa mke aliyeolewa kutoka Ujita, na mtoto wa Msukuma aliyezaliwa Nyamuswa, wataona faida na raha ya kuinena. Basi mgeni ni sehemu ya dawa ya hofu ile ile inayomfungia mlango.

Namna nyingine ya kuhifadhi urithi haiko mbali. Ukerewe, ng'ambo ya maji, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kisa hicho kilingoja hadi mwaka 1980 ndipo kikachapishwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe. Kitereza hakuanza na orodha ya watawala. Alimchukua mume, mke, wakwe na majirani, akaonyesha wanavyosalimiana, wanavyopokeana nyumbani, wanavyotengeneza pombe ya ndizi na kuuguza wagonjwa. Msomaji akifunga kitabu hicho hajui nasaba nyingi za Ukerewe, lakini anajua namna ya kuishi humo. Na ajuaye namna ya kuishi mahali aweza kuwa mwenyeji wa hapo, awe amezaliwa wapi. Urithi ulioandikwa hivyo hukingwa, tena hugawanyika.

Kwa kipimo hicho, maandishi ya Mturi na Sasora yahesabiwe kuwa nusu ya kazi, nayo ni nusu njema. Nusu iliyobaki ni ya waandishi watakaofuata, na Nyamuswa ina watu wa kuhojiwa. Waulizwe waliohamia: nani aliwapa mahali pa kujenga, waliombwa nini kwanza, walikatazwa nini, waliitwa majina gani kabla ya kuitwa majirani. Waulizwe pia wenyeji walichopoteza, kwani historia isiyotaja moto uliozimika haitaaminiwa na aliyekuwa ameuwasha. Mhenga aliyesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hakukusudia kumfukuza mtu. Jembe ni kazi, na kazi ni haki ya kuhesabiwa katika mavuno. Chama cha kulinda mila kinachowatajia wageni habari za Nyakinywa, bila kuandika habari za jembe walilopewa na kile walicholima, kimewasimulia urithi na kuwanyima sehemu yao ndani yake.