Defender Iliyovuliwa Springi

Kubadili klachi na flaiwili ya Land Rover Defender ya Td5 uani, bila lifti, ni kazi ya watu watatu wenye subira, na safari hii ilikwenda vizuri mpaka diski ilipotolewa kwenye boksi lake. Flaiwili ya asili, ile ya vipande viwili, iliwekwa kando. Mahali pake ikafungwa flaiwili ya kipande kimoja, na mbele ya hiyo ikawekwa diski bapa isiyo na springi hata moja. Hapo kazi iliharibika. Yote yaliyofuata, pamoja na toki renchi iliyoazimwa mtaa wa pili, yalikuwa kulipamba kosa.

Sehemu ya kufungua haina cha kulaumu. Betri ilitolewa kwanza, zikafuata propela mbili, kebo ya hendibreki, waya na bomba la moshi. Silinda ndogo ya klachi ilifunguliwa ikaachwa ining'inie na bomba lake, na mtu akakatazwa kabisa kukanyaga pedeli. Sanduku la viti lilipong'olewa, giaboksi ya R380 na transfa yake ya LT230 zikapandishwa pamoja kwa winchi kupitia ndani ya kebini. Uzito huo unapita kilo 80, na haujawahi kuwa salama juu ya vifua vya watu, ingawa kila mtaa una fundi anayejisifu kwamba alikwisha kuubeba peke yake. Stendi zilikuwa nne na hakuna tofali lililowekwa chini ya chesisi. Inatosha.

Klachi iliyotoka ilikuwa imekwisha kwelikweli. Riveti zilikaribia kugusa chuma, na uso wa flaiwili ulikuwa na madoa ya buluu na nyufa nyembamba za joto zilizojipanga kwa duara. Madoa hayo humtaja dereva: ni yule anayelizuia gari mlimani kwa klachi ilhali hendibreki ipo. Tabia hiyo imekwisha kulaaniwa mara nyingi na haiishi.

Lakini flaiwili ya vipande viwili haihukumiwi kwa uso peke yake. Kipande chake cha nje hugeuzwa kushoto na kulia kwa mkono na mwendo wake wa bure ukapimwa kwa digrii, kisha hutikiswa ili ijulikane imelegea kiasi gani. Grisi iliyorushwa pembeni nayo ni ushahidi, na mtengenezaji hutoa kikomo cha kila kipimo. Uani hapakupimwa kitu. Flaiwili ilitazamwa, ikagongwa kidogo kwa nyundo, ikatangazwa maiti. Huenda ilikuwa maiti kweli. Nyufa zile zingetosha kuistaafisha, maana flaiwili ya aina hii haipelekwi kwa mkerezaji ikasawazishwa ovyo. Hasara ya kutoigeuza ilikuwa nyingine. Mkono unaoigeuza huzihisi springi zilizomo ndani, na mtu aliyezihisi angejiuliza kazi yao itafanywa na nani zikishatupwa.

Kazi hiyo si ndogo. Td5 ni dizeli ya lita 2.5 yenye silinda tano, iliyofungwa kwenye Defender kuanzia 1998 hadi 2007. Kila mzunguko mmoja wa krenki hubeba milipuko miwili na nusu. Katika sailensa ya mizunguko 800 hivi kwa dakika, hiyo ni milipuko 2,000, yaani karibu 33 kila sekunde. Krenki haizunguki kwa mwendo mmoja: silinda inapolipuka huruka mbele, silinda inayofuata inapobana hewa hupungua. Sikio husikia mngurumo tu, lakini shafti inayoingia giaboksi hupokea kila mruko na kila mpunguo.

Flaiwili ya vipande viwili ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huo, na kampuni ya LuK ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuifunga kwenye magari ya kiwandani mwaka 1985. Kipande kimoja hufungwa kwenye krenki na cha pili hubeba klachi. Katikati hulala springi ndefu zilizopinda, ndani ya grisi, na miruko ya injini humezwa hapo kabla haijafika nyuma. Kwa kuwa springi zimehamia kwenye flaiwili, diski inayokwenda nayo inaweza kuwa bapa, kitovu chake kikishikamana moja kwa moja na bamba la msuguano. Flaiwili ya kipande kimoja ni pande la chuma tu. Springi zake hukaa kwenye kitovu cha diski, zile fupi nene zinazochungulia kwenye madirisha yake. Kwa hiyo springi huwa ama kwenye flaiwili ama kwenye diski. Uani ziliondolewa kote kuwili, na injini ikaunganishwa na giaboksi chuma kwa chuma.

Utetezi uliotolewa unajulikana na kila aliyekuwapo: diski imeingia kwenye shafti, meno yanalingana, kipenyo ni kile kile, na boksi limeandikwa Td5. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalosaidia. Boksi limeandikwa Td5 kwa sababu diski ile ni ya Td5 yenye flaiwili yake ya asili. Flaiwili ilinunuliwa duka moja, klachi ikanunuliwa duka jingine lenye bei nafuu, na kila muuzaji aliuza kitu sahihi kwa swali aliloulizwa. Aliyeuza klachi hakuambiwa kwamba flaiwili imebadilishwa. Ndiyo maana vifaa vya kubadilisha mfumo huu huuzwa kama seti: flaiwili, diski yenye springi, presha pleti inayoendana nayo na beringi. Kuivunja seti ili kuokoa fedha ya diski, katika kazi ambayo siku nzima imeliwa na kutoa giaboksi, ni hesabu ya ajabu. Kununua spea kwa jina lililoandikwa juu ya boksi ni maradhi ya zamani, na hayajali kama duka liko Kariakoo au Kirinyaga Road.

Matokeo yake hayangoji mwaka. Gari likiwa nyutro na mguu haupo kwenye klachi, shafti ya kuingilia huzunguka pamoja na gia zote ambazo meno yake yamekamatana daima. Gia hizo hazina mzigo, kwa hiyo hubaki na nafasi ndogo kati ya jino na jino. Gari linalovutwa kwa kamba iliyolegea hushtuka kila kamba inapokaza, na ndivyo meno yanavyoshtuka, zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Mlio wake ni wa bati lenye kokoto, na hukatika mara pedeli ikikanyagwa kwa sababu shafti imeachiwa. Huo ndio uliosikika injini ilipowashwa, na kuna aliyesema ni beringi mpya inajizoesha. Beringi ya klachi huanza kelele pedeli inapokanyagwa, haiachi. Kipimo hicho cha mguu mmoja hufundishwa wiki ya kwanza gereji.

Kelele ndiyo sehemu nyepesi. Gari likipanda kilima kwa gia ya nne na mizunguko ya chini, miruko ile ile hupita ikiwa na mzigo mzima nyuma yake. Meno ya kitovu cha diski hutafuna meno ya shafti, na riveti za kitovu hubeba mapigo ambayo hazikupangiwa. R380 si giaboksi ya kuchezewa hivyo. Mtindo wake wa kufa kwa meno ya shafti kuliwa ulijulikana na mafundi wa Land Rover hata kwenye magari yenye springi zote mahali pake.

Flaiwili ya kipande kimoja yenyewe haina kosa. Wapo wanaoiona dhambi kuivua Td5 flaiwili ya kiwandani, na hoja yao ni dhaifu. 300Tdi iliyoitangulia, dizeli ya lita 2.5 yenye silinda nne tu, ina milipuko iliyoachana zaidi, na ilifanya kazi kwa flaiwili nzima na diski ya springi. Ilinguruma, ikatikisa vioo, ikavuka mito ya Rufiji na Turkana, na klachi yake ikabadilishwa chini ya mwembe bila mtu kuuliza digrii za chochote. Uso wa flaiwili yake ukiliwa ulipelekwa kukerezwa ndani ya kikomo ukarudi. Anayeipa Td5 mfumo huo huo kamili hupata gari lenye mlio kidogo zaidi na kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Ni biashara halali. Walichofanya uani ni kuchukua nusu ya 300Tdi na nusu ya Td5, kila nusu ikiwa ile isiyo na springi.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba akili ilikuwapo. Flaiwili iliyoagizwa ilikuwa na matundu pembezoni mwake, ambayo sensa ya krenki huyasoma ili kompyuta ya injini ijue krenki iko wapi. Bila matundu hayo Td5 haiwaki kabisa, na aliyeagiza alilijua hilo na akalihakikisha kwa kuhesabu tundu baada ya tundu, mpya ikiwa imelazwa kando ya kuukuu. Mtu aliyeweza kuzilaza flaiwili mbili bega kwa bega akahesabu matundu alikuwa na springi mbele ya macho.

Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa shujaa wa barabarani, na kizazi chake kiliamini kwamba kifaa hakifungwi mpaka aliyekishika aweze kueleza kinafanya nini. Kizazi cha leo kina toki renchi nzuri zaidi na kinauliza tu kama kifaa kinaingia.

Ufungaji, ukiondoa diski, ulikuwa wa kupigiwa mfano. Sili ya nyuma ya krenki ilibadilishwa, bushi inayobeba ncha ya shafti nayo ikabadilishwa. Bolti za flaiwili zilikuwa mpya, kwa sababu hukazwa kwa kipimo kisha zikavutwa kwa pembe, na bolti iliyokwisha kuvutika haitumiki tena. Mafuta ya kuzuia kutu yalifutwa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Foki ya klachi, ambayo kwenye Land Rover huwa na tabia ya kutobolewa na kitufe chake, ilibadilishwa kwa ile iliyoongezwa chuma. Bolti za presha pleti zilikazwa kwa kupokezana, kila moja kidogo kidogo, diski ikiwa imeshikiliwa katikati na shafti ya plastiki. Kuirudisha giaboksi kulirahisishwa na bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa, zikafungwa kwenye nyumba ya klachi kama reli. Giaboksi ikateleza juu yake, propela ya nyuma ikazungushwa kidogo kwa mkono gia ikiwa ndani, meno yakakutana, nafasi ikajifunga bila bolti hata moja kutumiwa kuivuta. Wanaoivuta giaboksi kwa bolti wakidhani inakaza tu hupinda diski, na hao ni wengi.

Hewa ilitolewa kwenye mfumo wa klachi, pedeli ikapanda, gia zikaingia bila kulia.

Tiba sasa ni moja: giaboksi itolewe tena. Flaiwili na bolti zake hazihitaji kuguswa. Presha pleti ifunguliwe kwa kupokezana kama ilivyofungwa, diski bapa itoke, iingie yenye kitovu cha springi pamoja na presha pleti ya seti yake, na meno ya shafti yapitishwe kidole kabla ya kufunga, maana ukingo uliochongoka huko unahisika kwa ukucha hata kama macho hayauoni. Diski mpya isivute tela wala kupanda mlima na mzigo katika kilomita mia chache za mwanzo. Baada ya hapo plagi ya chini ya nyumba ya klachi, ile inayofungwa wakati wa kuvuka maji, ifunguliwe na kuchunguzwa. Ikiwa kavu, sili zimekaa. Ikidondosha mafuta meusi ya injini, ni sili ya krenki. Yakiwa mafuta ya giaboksi, ni sili ya shafti ya kuingilia.