Rangi Iliyochomwa na Rangi Iliyopakwa: Uhakiki wa Vioo Sita vya Wanafunzi Wetu

Katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Julai 7 ya kila mwaka, wanafunzi wa idara yetu walitundika vioo sita kwenye madirisha ya ukumbi. Kila kioo kilikuwa na kibandiko chenye maneno yale yale: "Uchoraji wa enameli kwenye kioo kilichochomwa." Wageni walivisifu, nasi tukazipokea sifa hizo kwa mikono miwili. Katika makala haya tunakusudia kuvihakiki vioo hivyo kwa upande wa fani na maudhui. Aidha, tunakusudia kukiri kwamba vibandiko vinne kati ya sita havikusema kweli, na kwamba kosa hilo lilianzia kwetu sisi walimu.

Enameli ipi?

Neno enameli limebeba vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Cha kwanza ni rangi ya kopo, ile ya mafuta inayong'aa, ambayo hupakwa kwenye milango, mageti na baiskeli, ikakauka yenyewe kwa hewa. Rangi hii ina heshima yake katika sanaa ya Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) aliitumia jijini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968, akichora wanyama na ndege kwenye mbao laini za kiwandani, na mtindo wake ukazaa kizazi kizima cha wachoraji. Hakuna aliyewahi kumdai Tingatinga joko.

Cha pili ni enameli ya kioo. Hii ni unga wa kioo laini uliosagwa pamoja na madini yanayotoa rangi; kobalti, kwa mfano, hutoa buluu. Unga huo huchanganywa na maji na gundi kidogo, ukapakwa kwa brashi, kisha kipande kizima kikaingizwa jokoni. Joto likifika takriban nyuzi 600 za sentigredi au zaidi, unga huyeyuka na kushikamana na kioo kilicho chini yake. Kila mmoja wetu anaifahamu enameli ya jamaa hii bila kujua: ndiyo iliyofunika vikombe na masinia ya chuma ya nyumbani kwa bibi, meupe yenye ukingo wa buluu. Sinia likianguka, enameli humeguka kama kigae kwa sababu ni kioo, si rangi.

Kosa la tafsiri

Wanafunzi walipoanza majaribio, tuliwafasiria kijitabu cha maelekezo. Tuliandika "paka enameli, kisha oka katika tanuri". Tulipoandika hivyo tuliridhika, kwa kuwa sentensi ilikuwa fupi na sanifu. Hata hivyo, idadi ya nyuzi za joto tuliiacha, tukidhani ni jambo la mafundi. Basi vijana wakafanya kama tulivyowaandikia: wakanunua rangi ya kopo dukani, wakapaka, wakaomba nafasi kwenye tanuri la kuokea mikate.

Tanuri la mikate hufika nyuzi 250 hivi. Rangi ya kopo ilifuka moshi, nyeupe ikageuka rangi ya chai, na nyekundu ikafanya malengelenge. Ilipopoa ilionekana imeshika, lakini ukiikwangua kwa sarafu hutoka kama ngozi ya kitunguu. Vioo vinne vilitokana na jaribio hilo. Viwili vilivyobaki vilichomwa baadaye, kwa unga wa kweli ulioletwa na mwenzetu kutoka Ubelgiji, katika joko dogo la umeme tuliloazimwa na mfinyanzi mmoja wa hapa Kigali.

Siku moja kabla ya maonyesho, msichana mmoja wa mwaka wa pili alitujia na kibandiko chake mkononi. Alisema: "Mwalimu, hiki changu hakikuchomwa. Nikikubandika hiki nitakuwa nimedanganya kwa Kiswahili fasaha." Alitaka aandike "rangi ya kopo kwenye kioo". Tulimwambia muda umekwisha na wageni wako njiani. Tangu siku hiyo jibu letu halijatutoka moyoni.

Uhakiki wa vioo

Tuanze na vioo vinne vya rangi ya kopo. Kasoro yao kubwa si malengelenge. Kasoro ni kwamba vimeziba mwanga. Rangi ya kopo haipitishi nuru, kwa hiyo ukivitazama kutoka ndani ya ukumbi, mchana kweupe, unaona vivuli vyeusi. Wachoraji walifanya kazi kana kwamba kioo ni ubao. Viwili kati yao vilinakili michoro ya imigongo, na hapo ndipo tatizo linapoonekana waziwazi. Imigongo, sanaa ya kale ya Gisaka mashariki mwa Rwanda, hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Uhai wake umo katika matuta: mwanga huangukia tuta na kuacha kivuli ubavuni. Ukiibandika bapa kwenye kioo unaiondolea tuta, na kioo nacho unakiondolea nuru. Hapo sanaa mbili zimepoteza kila kitu kwa pamoja. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini kioo cha yule msichana, ingawa nacho ni cha rangi ya kopo, kina jambo la kujifunza. Yeye aliacha sehemu kubwa ya kioo bila rangi, akachora mistari ya mlima tu. Mti ulio nje ya dirisha ukawa sehemu ya mlima wake. Huyu alikielewa kioo kabla ya kupata joko.

Vioo viwili vilivyochomwa vinatofautiana sana. Cha kwanza kimejazwa rangi tano, zote nzito, na buluu iliyopakwa juu ya kijani imetoa tope. Mchoraji aliogopa nafasi tupu, kama mwandishi wa insha anayeogopa nukta. Cha pili kinaonyesha mwanamke anayewasha taa. Kina mistari ya hudhurungi iliyokolea na buluu moja tu, iliyopakwa nyembamba upande mmoja na nzito upande mwingine, hivyo usiku unakaribia kadiri jicho linavyohama. Mwali wa taa haukupakwa chochote. Ni jua lenyewe linalopita. Hapa fani na maudhui vimeshikana kama unga ulivyoshikana na kioo. Kina ufa kwenye pembe, kwa kuwa joko lilifunguliwa mapema na kioo kikapoa kwa ghafla. Hata kwa ufa huo, ndicho bora kuliko vyote.

Mjadala huu si mgeni. Mwaka 1847 Mwingereza Charles Winston alizitenga njia za uchoraji wa vioo: ile ambamo kila rangi ni kipande chake cha kioo, ile ambamo rangi zote hupakwa kwa enameli kwenye kioo cheupe, na ile inayochanganya mbili hizo. Alilalamika kwamba wachoraji wa enameli walipotaka kuiga picha za turubai walipunguza mng'ao ambao ndio fahari ya kioo. Vioo vyetu vimerudia kosa hilo hilo bila sisi kumsoma.

Mjini kwetu uzito wa suala hili unaongezeka. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, yamo madirisha mawili ya vioo vya rangi ya msanii Ardyn Halter. Baba yake, Roman Halter, alinusurika mauaji ya Wayahudi na naye alikuwa msanii wa vioo. Dirisha moja limepewa jina la mteremko kuelekea mauaji, jingine la njia ya kusonga mbele. Wanafunzi wetu walipotoka huko waliandika katika insha zao "madirisha mazuri yenye rangi nyingi", na wazo la maonyesho likazaliwa. Je, "mazuri" ndilo neno la kutumia mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000? Hatukuwapa neno jingine. Mtu asiye na maneno ya kueleza kitu kilivyotengenezwa hubaki na sifa tupu, na mahali pengine sifa tupu ni utovu wa adabu.

Tufanyeje?

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tutofautishe "rangi ya kopo" na "enameli ya kuchomwa", na tusiliache neno enameli peke yake. Pili, mkate tuuoke tanurini, na kioo tukichome jokoni. Neno joko wafinyanzi wanalo tangu zamani, lisife mikononi mwetu. Tatu, tukumbuke kwamba Kiswahili hutumia "kioo" kwa kile cha dirisha na kile cha kujitazamia, ilhali Kinyarwanda hutenga ikirahuri na indorerwamo. Mwanafunzi wa hapa anayefasiri asipoangalia muktadha atateleza.

Vioo vingali ukumbini. Vibandiko vinne tumevibandua, na yule msichana ameviandika upya vyote kwa mkono wake. Cha kwake kinasema: "Rangi ya kopo kwenye kioo. Hakikuchomwa."